Ukishalipia Gunia la Mkaa, Je, Umemaliza Deni?

 

Ndugu msomaji, yapo mambo ambayo kwa sababu tunayafanya kila siku tumeacha kuyauliza. Kuwasha jiko ni mojawapo. Muislamu wa mjini atauliza kama nyama aliyouziwa imechinjwa kisharia. Atauliza kama akaunti yake ya benki ina riba. Ni haki yake kuuliza, na ni wajibu wake. Lakini ni nadra kumsikia akiuliza lolote kuhusu mkaa ulioivisha nyama hiyo. Kwake suala hilo limekwisha pale dukani: mkaa unauzwa, mimi nimelipa, muuzaji ameridhika, basi.

Hivi kweli limekwisha? Mtu akishalipia gunia lake la mkaa, anakuwa huru kulichoma apendavyo bila kuulizwa? Ili kulijibu swali hili kwa haki inabidi kwanza tujue ni kitu gani hasa tunachokinunua tunaponunua mkaa. Na hapo itatubidi tupite kidogo katika darasa la kemia kabla ya kurudi msikitini.

Kilichomo ndani ya kuni

Wengi wetu tunadhani moto umejificha ndani ya kuni, unangoja kibiriti uutoe. Sivyo. Ndani ya kuni hamna moto. Kilichomo ni kaboni na haidrojeni zilizofungamana kwa namna maalumu, na kufungamana huko ndiko kunakobeba kile wataalamu wanachokiita nishati ya kikemikali.

Nishati hiyo imetoka wapi? Imetoka juani. Jani la mti hupokea mwanga wa jua, huvuta hewa ya kaboni dioksidi, hupandisha maji kutoka mizizini, na kwa vitu hivyo hutengeneza sukari na kuachia oksijeni. Kutokana na sukari hiyo mti hujenga shina, matawi na mizizi. Sehemu ya mwanga inayohifadhiwa hivyo ni ndogo mno, kwa kawaida haizidi asilimia 1 au 2 ya mwanga uliolifikia jani. Kwa hiyo mti mnene wa msitu wa miombo ni akiba iliyowekwa senti kwa senti kwa miaka mingi.

Tunapowasha moto tunaigeuza kazi ile ya jani. Kaboni na haidrojeni zilizomo kwenye kuni zinakutana tena na oksijeni na kurudi kuwa kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Hapa liko kosa linalosikika hata mashuleni, kwamba joto hutoka pale vifungo vya atomu vinapovunjika. Ukweli ni kinyume chake. Kuvunja kifungo kunahitaji nishati, na ndiyo maana jiko haliwaki lenyewe mpaka uligharimie kibiriti na tone la mafuta ya taa. Joto hutoka pale vifungo vipya, vilivyo imara zaidi, vinapofungwa baina ya kaboni, haidrojeni na oksijeni. Mtu anatanguliza kidogo, kisha anapokea kingi.

Jambo hilo hilo linaendelea ndani ya miili yetu. Chakula tunachokula kinakutana na oksijeni tunayoivuta, ila taratibu na bila mwali. Aliyefunga Ramadhani anaishi kwanza kwa sukari iliyohifadhiwa katika ini lake, na saa zinavyokwenda mwili wake unazidi kutegemea mafuta. Pumzi tunayoitoa ina kaboni dioksidi na mvuke wa maji, vile vile vinavyotoka kwenye jiko. Mtu mzima anahitaji takriban megajuli 10 kwa siku nzima ya kutembea, kufanya kazi, kuswali na kulala. Kilo moja ya mkaa ina takriban megajuli 30. Maana yake, katika kilo moja ya mkaa mna nishati inayolingana na chakula cha mtu mmoja kwa siku tatu.

Tulitafakari hilo kidogo. Kilo moja ya mchele mkavu ina takriban megajuli 15. Basi mwenye kuchoma kilo moja ya mkaa ili kupika kilo moja ya mchele, amechoma nishati mara mbili ya ile atakayoila.

Hesabu ya kuni kilo 100

Mkaa wenyewe unapatikanaje? Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, huachiwa matundu machache ya hewa, kisha huwashwa na kusimamiwa kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki na zaidi. Sehemu ya kuni inaungua ili kuipa joto sehemu nyingine. Maji, lami na gesi zinazoweza kuwaka vinatoka na moshi, na mwisho inabaki kaboni kwa wingi. Ndiyo maana mkaa ni mwepesi kubeba, hautoi moshi mwingi kama kuni, na una joto kali.

Lakini wepesi huo una bei. Katika matanuri yetu ya udongo, kilo 100 za kuni hutoa mara nyingi kati ya kilo 10 na 20 za mkaa. Tuchukue 15. Kuni zile kilo 100 zilikuwa na takriban megajuli 1,700. Mkaa kilo 15 una takriban megajuli 450. Tayari robo tatu ya akiba imekwenda na moshi huko porini, kabla lori halijawasha injini. Mkaa ukifika mjini unatiwa kwenye jiko la bati, ambalo hupeleka kwenye sufuria kama sehemu moja kati ya tano ya joto lake. Zinabaki megajuli 90. Kwa maneno ya sokoni, katika kila shilingi 100 alizoziweka mti, chakula chetu kimepata shilingi 5.

Hesabu hii inatufunulia jambo ambalo wengi hawalitarajii. Bibi wa kijijini anayepikia mafiga matatu, ambaye sisi wa mjini tunamhurumia na wakati mwingine tunamlaumu kwa "kuharibu misitu", sehemu ya mti inayofika kwenye chungu chake ni kubwa kuliko inayofika kwenye sufuria zetu. Kuni zake hazijapita kwenye tanuri, na mara nyingi ni matawi makavu aliyoyaokota. Usafi na urahisi wa jiko la mjini unalipiwa na msitu ambao mtu wa mjini hauoni.

Na watu wa mjini ni wengi. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilieleza kwamba kaya za Dar es Salaam zinazotumia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007. Mkaa wa jiji hilo umekuwa ukitoka Pwani, Rufiji, Kilwa, Morogoro, Handeni na kwingineko. Haki itendeke hapa: mkaa siyo sababu pekee ya kuisha kwa misitu, na wala siyo kubwa kuliko zote, kwani kufyeka mashamba kunachukua sehemu kubwa zaidi. Hata hivyo mwenye kuchangia madhara hawezi kujitoa kwa kusema yuko mwingine aliyechangia zaidi.

Aya inauliza nani aliyeuotesha mti

Qur'an imeutaja moto wetu huu wa jikoni katika sehemu mbili ambazo kila Muislamu anazisoma au anazisikia. Katika Surat Yasin, aya ya 80, Allah (SW) anawakumbusha wanaokanusha ufufuo kwamba Yeye ndiye aliyewajaalia moto kutokana na mti mbichi wa kijani. Wafasiri wametaja miti miwili waliyoijua Waarabu, markh na afar, ambayo matawi yake yalisuguliwa yakatoa cheche.

Tuwe waangalifu hapa. Iko tabia ya kuichukua aya kama hii na kudai kwamba ilikuwa ikifundisha kemia ya majani kabla ya wazungu. Aya inazungumzia uwezo wa Allah wa kuhuisha wafu, na hoja yake inatosha bila kupambwa na vitabu vya maabara. Hata hivyo, mwenye kujua jinsi jani bichi linavyokusanya mwanga na kuuweka akiba, hapana shaka ataisoma aya ile kwa mshangao zaidi kuliko asiyejua.

Sehemu ya pili ni Surat al-Waqi'ah, aya ya 71 hadi 73. Pale Allah (SW) anatutaka tuutazame moto tunaouwasha, kisha anatuuliza: mti wake nani ameuumba, ni sisi au ni Yeye? Halafu anaeleza kwamba ameufanya kuwa ukumbusho na manufaa kwa wasafiri na wahitaji.

Tulichukue swali hilo tuende nalo kwenye duka la mkaa. Bei ya gunia imelipa nini? Imelipa jasho la mchomaji. Imelipa ushuru, pale ulipolipwa. Imelipa lori, dizeli, kodi ya kibanda na faida ya muuzaji. Hivyo vyote ni vya halali na vina wenyewe. Sasa, ni shilingi ngapi katika bei hiyo zilizolipia miaka ambayo mti ulikuwa ukikusanya jua? Aghalabu hakuna hata moja. Mti wa porini haukupandwa na mchomaji wala na muuzaji. Aliyeuotesha hakutuma mtu kuchukua malipo. Basi tumelipia kila kitu isipokuwa kile chenyewe tunachokichoma.

Hii haina maana kwamba mkaa ni haramu. Bukhari amepokea hadithi ambamo Mtume (SAW) anamfadhilisha mtu achukuaye kamba yake, akaenda kukata kuni na kuziuza, kuliko yule anayeombaomba watu. Kwa hiyo mchomaji mkaa na muuza mkaa wanafanya kazi yenye heshima, na si haki kuwatazama kama wahalifu. Hoja yangu ni nyingine: kitu tulichopewa na Mwenyewe bila kulipa bei yake, mikononi mwetu kinakuwa amana. Na amana haigeuki kuwa mali ya kuchezea kwa sababu tu tumelipa gharama za kuifikisha nyumbani.

Na hata kingekuwa mali yako kamili, suala lisingekwisha. Surat al-A'raf, aya ya 31, inaturuhusu kula na kunywa, na papo hapo inatukataza kufanya israfu. Chakula kinachozungumzwa pale ni cha halali. Ni chako, umekinunua. Bado kipo kiwango ambacho ukikivuka unakuwa miongoni mwa wasiopendwa na Allah. Imepokewa pia na Ibn Majah kwamba Mtume (SAW) alimkanya Sa'd kwa kutumia maji mengi katika udhu, na Sa'd alipouliza kama hata katika udhu mna israfu, akajibiwa kuwa imo, japo mtu awe kando ya mto unaotiririka. Wanazuoni wameisema sanad ya hadithi hii, lakini maana yake inasimama juu ya aya niliyoitaja. Mto hauna bei, na maji yake hayaishi kwa udhu wa mtu mmoja. Basi israfu haikupimwa kwa fedha za mwenye kutumia, wala kwa wingi wa kilichopo. Imepimwa kwa kile kinachopotea bila haja.

Waislamu ni washirika katika moto

Iko hadithi nyingine, aliyoipokea Abu Dawud, ambamo Mtume (SAW) ametaja vitu vitatu ambavyo Waislamu wana ushirika navyo: malisho, maji na moto. Malisho na maji tunavielewa upesi. Moto je? Unashirikiwa vipi?

Wanazuoni wamelieleza hilo kwa njia mbalimbali. Wako waliosema makusudio ni kuni za ardhi isiyo na mwenyewe. Wako waliosema ni kwamba mwenye moto asimkataze jirani kuwasha taa yake kutoka kwake au kuota joto lake. Na baadhi yao wakapambanua jambo zuri sana: anayewasha utambi wake kwenye moto wako hakupunguzii kitu, kwa hiyo huna haki ya kumzuia. Lakini anayetaka kuchukua kinga lenyewe la moto anapunguza kuni zako, na hilo unaweza kumkatalia.

Bila maabara, wanazuoni wale waliona tofauti kati ya mwali na kuni. Mwali ni nishati inayotoka, na kuni ni akiba inayopungua. Mwali ukiushiriki hauishi. Akiba ukiila peke yako, unawala na wenzako.

Ni akina nani hao wenzetu? Wapo wanakijiji wanaoishi na msitu ule, wanaopata humo asali, dawa, matunda na kivuli cha mifugo. Wapo sisi wenyewe, maana Dar es Salaam inakunywa maji ya mto Ruvu, na mto huo unalishwa na milima ya Uluguru. Mlima ukivuliwa miti, udongo unaporomoka mtoni na chemchemi zinadhoofika. Na wapo watoto wetu, ambao hawapo sokoni leo kupandisha bei kwa kushindana nasi. Huyu wa mwisho ndiye anayedhulumiwa kirahisi kuliko wote, kwa sababu hana mdomo.

Mwenzetu mwingine yumo ndani ya nyumba yenyewe. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majikoni ulisababisha vifo takriban milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na walio katika hatari zaidi ni wanawake na watoto wanaokaa karibu na jiko. Aidha, mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha, kaboni haipati oksijeni yake kamili. Inatoka monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoing'ang'ania damu kwa nguvu kuliko oksijeni. Ndiyo inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa msimu wa baridi. Mtume (SAW) alitukataza kuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Tulidhani makatazo hayo ni kwa ajili ya kuogopa nyumba kuungua tu. Kumbe mtu anaweza kufa na nyumba ikabaki nzima.

Nani aulizwe kwanza?

Hapa atasimama msomaji mmoja aseme: ustadhi, unamwambia haya nani? Mama mwenye kibanda cha chumba kimoja, anayenunua mkaa wa kopo kwa sababu hana fedha ya gunia, achilia mbali mtungi wa gesi? Unataka kumwongezea dhambi juu ya umaskini wake?

Pingamizi hili ni zito, na linastahili jibu. Kwa bahati njema, jibu tunalo katika historia yetu wenyewe. Mtume (SAW) alitenga sehemu za malisho zilizohifadhiwa, zinazoitwa hima, na akakataza kukata miti katika eneo takatifu la Madina. Khalifa Umar (RA) aliendeleza utaratibu wa hima. Bukhari amepokea kwamba Umar alipomweka Hunayy kuwa mlinzi wa hima, alimwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mbuzi wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan. Sababu aliieleza wazi. Matajiri hao mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba ya kurudia. Yule maskini mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa.

Tulione vizuri jambo hili. Uthman na Abdurrahman (RA) ni Masahaba wakubwa, wameahidiwa Pepo. Umar hakuwatuhumu kwa lolote. Alichokipima ni nani mwenye pa kurudia. Akiba ya umma inapokuwa ndogo, wa kwanza kujizuia ni mwenye njia nyingine, na wa mwisho kuzuiwa ni asiyekuwa nayo.

Tukipima kwa mizani hiyo, mama wa mkaa wa kopo siye wa kwanza kuulizwa. Isitoshe, yeye anaijua thamani ya kila kipande, hachomi cha ziada. Wa kwanza kuulizwa ni sisi wenye uwezo wa kununua gesi au jiko la umeme, na bado tunaweka mkaa kwa mazoea, kwa sababu eti maharage ya mkaa ni matamu zaidi. Ni walima zetu, ambapo masufuria makubwa yanawekwa juu ya magogo tangu alfajiri, wanapikiwa watu mara mbili ya waalikwa, na pilau inayobaki inamwagwa. Wali unaomwagwa umebeba israfu mbili, ya nishati iliyomo kwenye punje na ya nishati iliyoteketezwa kuziivisha.

Na wa kuulizwa ni taasisi zetu. Serikali ya Tanzania iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa kuanzia mwaka 2024, na mwaka huo huo ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Shule zetu za bweni na vituo vya yatima vimo katika hesabu hiyo. Je, tunangoja tukaguliwe ndipo tutekeleze? Taasisi inayofundisha amana asubuhi na kuteketeza magogo mabichi mchana, wanafunzi wake wanasoma somo gani?

Watawala nao wana sehemu yao. Mwaka 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku nchini, na marufuku hayo hayakudumu, kwani mjini hapakuwa na mbadala. Sheria inayomfungia maskini mlango mmoja bila kumfungulia mwingine haifanani na hukumu ya Umar. Njia bora ipo. Wilayani Kilosa, kuanzia mwaka 2012, vijiji kadhaa vilianza kusimamia misitu yao kwa kuigawa vitalu. Kitalu kikivunwa mkaa kinaachwa miaka takriban 24, mashina yanachipua upya, na mapato yanabaki kijijini. Huko mkaa umechukuliwa kwa kasi ambayo mti unaweza kuirudisha. Hapo kuna matumizi, lakini hakuna dhulma.

Atasema mwingine: mbona gesi nayo inachimbwa ardhini na haioti tena? Na mataifa ya viwanda yamechoma makaa ya mawe na mafuta kwa karne mbili, kwa nini sisi ndio tuhesabiwe vipande vya mkaa? Ni kweli yote mawili. Gesi siyo nishati ya Peponi, ila jiko lake hufikisha kwenye sufuria nusu ya joto au zaidi, na haliangushi mti. Kuhusu mataifa ya viwanda, deni lao ni kubwa kuliko letu na wadaiwe bila aibu. Lakini deni la jirani halijawahi kufuta deni la mtu. Siku ya Kiyama kila nafsi itaulizwa kwa ilichokichuma.

Tuanzie jikoni

Yako mambo ambayo hayangoji serikali wala mfadhili. Maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva kwa moto mdogo. Sufuria ikifunikwa, joto halipotei na mvuke. Jiko lenye udongo wa kufinyangwa ndani linatumia mkaa kidogo kuliko la bati tupu, na tofauti ya bei inarudi kwa akiba ya mkaa. Chakula kikishaiva, makaa yaliyobaki yaingizwe kwenye debe lenye mfuniko wa kubana. Yakikosa oksijeni yatazimika, na nishati iliyosalia itangoja kesho. Watu wengi wanayaacha yateketee mpaka majivu, na ile ndiyo israfu ambayo hata mlaji haifaidi.

Misikiti yetu inaweza kufanya zaidi. Zaka na sadaka zinanunua unga na mchele kwa mafukara kila Ramadhani, na Allah azikubali. Kwa nini baadhi ya sadaka zetu zisiwe mtungi na jiko kwa mjane, kisha tuchangie kujaza mtungi wake ukiisha, maana mtungi mtupu ni pambo tu? Na miti ipandwe, siyo kwa ajili ya picha. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Muislamu akipanda mti, anachokula humo mtu, ndege au mnyama ni sadaka kwake. Na katika Musnad ya Imam Ahmad imo hadithi kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Mpandaji huyo hatapikia kuni zake kamwe. Ameagizwa kupanda kwa sababu ana deni, na deni halimwondoki mtu kwa kuwa hatafaidi kulilipa.

Basi ndugu msomaji, tukirudi kwenye swali letu, jibu ni hapana. Aliyelipia gunia amemaliza deni la muuzaji. Deni la waliochangia naye msitu, la watakaouhitaji baada yake, na la Aliyeuotesha, bado liko pale pale. Malipo yake siyo fedha. Ni kutochoma bila haja, kumpunguzia mzigo asiyekuwa na njia nyingine, na kurudisha mche ardhini pale tulipotoa shina.

Wabillahi tawfiq.